Jina Zuri: Historia ya Matangazo na Kura za Wafanyakazi Marekani

Mwezi Oktoba 2020, zikiwa zimebaki siku chache wananchi wa California wapige kura, madereva wa Uber walipofungua simu ili waanze kazi walikutana na siasa kabla ya kukutana na abiria. Ujumbe ulijitokeza ukiwahimiza waunge mkono Pendekezo la 22. Kwa maelezo ambayo baadhi yao waliyapeleka mahakamani mwezi huohuo, ili waupite walikuta vitufe viwili: kimoja "Ndiyo kwa Pendekezo la 22", kingine "Sawa". Cha kukataa hakikuwepo. Abiria naye alionywa kwamba pendekezo lisipopita nauli itapanda na gari litachelewa, kisha akatakiwa abonyeze kitufe cha kuthibitisha ndipo safari yake iendelee. Wanunuzi wa Instacart, wale wanaozunguka dukani wakimjazia mtu mwingine kikapu, walielekezwa watie stika za kampeni ndani ya mizigo ya wateja. Mikahawa ilipewa mifuko ya DoorDash, kampuni ya kupeleka chakula, yenye maneno hayohayo. Kijana aliyepanda ngazi na chakula cha moto alikuwa amebeba pia tangazo la kuondoa haki zake mwenyewe.

Kwa jina, Pendekezo la 22 lilikuwa sheria ya kuwalinda madereva. Kwa maudhui, liliwatoa katika kundi la waajiriwa, na hapo wakapoteza malipo ya saa za ziada, likizo ya ugonjwa yenye malipo, bima ya kukosa kazi na haki ya kurudishiwa gharama zote za kazi. Lilipita kwa asilimia 58.6. Siku hiyohiyo California ilimpa Joe Biden, mgombea urais wa Democratic, zaidi ya asilimia 63 ya kura zake. Kwa hiyo wapiga kura hao hawakuwa watu wanaowachukia wafanyakazi. Mamilioni yao walikuwa wafanyakazi wenyewe, waliosimama kwenye foleni au kujaza karatasi mezani nyumbani wakiamini wanamsaidia dereva. Kujua walifikaje hapo kunaturudisha nyuma zaidi ya miaka mia moja.

1911: Pweza wa reli

Mwanzoni mwa karne ya 20 siasa za California zilishikwa na kampuni ya reli ya Southern Pacific. Wananchi waliiita pweza, na kila aliyewahi kumwona pweza akimkumbatia kaa ataelewa kwa nini. Hiram Johnson alipogombea ugavana mwaka 1910 alizunguka jimbo zima kwa gari, kwenye barabara za vumbi, asipande treni ya watu aliokuwa akiwapinga. Alishinda. Oktoba 10, 1911, wapiga kura waliidhinisha marekebisho ya katiba yaliyowapa wananchi haki ya kukusanya saini na kupeleka sheria moja kwa moja kwenye karatasi ya kura bila kupitia bunge. Siku hiyohiyo, kwa tofauti ndogo sana, wanawake wa jimbo hilo nao walipata haki ya kupiga kura.

Nia ilikuwa njema, na sisemi hivyo kwa kejeli. Lakini sheria ya bungeni huchambuliwa na watu wanaolipwa kuisoma, na sheria ya wananchi husomwa na mama aliyetoka zamu ya usiku, watoto wakimsubiri. Kurasa zote hatazimaliza. Kinachomfikia ni jina la sheria, sentensi chache zilizo juu ya karatasi, na yale aliyoyasikia njiani. Anayelishika jina ameshika sehemu kubwa ya kura. Pweza hakufa mwaka 1911. Alijifunza kukusanya saini.

1934: Maneno yaliyobadilishwa msemaji

Mwaka 1933 mwandishi wa habari Clem Whitaker pamoja na Leone Baxter walianzisha Campaigns, Inc., kampuni ya kwanza Marekani iliyoishi kwa kazi ya kuendesha kampeni za siasa kwa malipo. Mwaka uliofuata mwandishi wa riwaya Upton Sinclair aligombea ugavana kwa ahadi ya kuwapa watu wasio na kazi viwanda na mashamba yaliyolala, wazalishe mahitaji yao wenyewe. Katika nchi iliyokuwa imeanguka kiuchumi, ahadi hiyo ilivuta umati.

Whitaker na Baxter walijifungia na vitabu vyake. Walichomoa maneno ambayo Sinclair aliyatia vinywani mwa wahusika wake, likiwemo la mhusika mmoja kuhusu ndoa, na gazeti la Los Angeles Times likayachapa siku baada ya siku ndani ya kisanduku ukurasa wa kwanza, kana kwamba ndiyo imani ya mgombea. Hakuna neno lililobuniwa. Kilichobadilishwa ni msemaji tu. Kwenye majumba ya sinema watu walioneshwa picha za makundi ya mafukara wakimiminika California kuja kula jasho la wenyeji, nyingine zikiwa zimeigizwa. Sinclair alishindwa na Frank Merriam, na ufundi huo ukawa na soko la kudumu.

1941 hadi 1947: Jina kutoka Dallas

Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, Septemba 1941, mhariri wa Dallas Morning News aliyeitwa William Ruggles alitoa tahariri iliyotaka katiba ya nchi ikataze kumlazimisha mtu kujiunga na chama cha wafanyakazi ili apate kazi. Kutoka kwake likapatikana jina: haki ya kufanya kazi.

Litamke kwa Kiswahili ulisikie. Mtu wa Temeke au Kariobangi akiliona kwenye bango ataelewa ni sheria ya kumhakikishia ajira, au ya kumzuia tajiri asimfukuze ovyo. Haimo moja wala nyingine. Sheria hiyo haimpi mtu kazi wala haimlindi kazini. Inakataza mkataba unaomtaka kila anayefaidika na makubaliano ya chama achangie gharama zake, huku chama kikibaki na wajibu wa kumtetea hata asiyechanga. Ni kama kijiji kilichochimba kisima kwa michango, kisha ikaja amri kwamba asiyechanga naye achote, na wenzake ndio walipie pampu. Mwaka wa kwanza wengi bado wanachanga. Mwaka wa tatu pampu imekufa, na aliyeleta amri anauza maji.

Jina hilo lilichukuliwa na Vance Muse wa Texas, aliyeendesha jumuiya iliyojiita ya Wakristo wa Marekani kwa fedha za matajiri. Kwa wazungu maskini wa Kusini hakuhubiri habari za ada. Aliwatia hofu kwamba vyama vitawalazimisha wakae pamoja na watu Weusi na kuitana ndugu. Mfanyakazi wa kiwanda cha mbao aliambiwa kuwa adui yake ni mwenzake wa mashine ya pili. Arkansas kulikuwa bado na kodi ya kura iliyowazuia Weusi wengi, na wazungu fukara pia, wasifike kwenye sanduku. Novemba 1944, Arkansas na Florida ziliingiza "haki" hiyo katika katiba zao. California iliikataa siku hiyohiyo. Mwaka 1947 Bunge la Marekani, kwa sheria ya Taft-Hartley, liliruhusu kila jimbo lijiamulie, na majimbo mengi ya Kusini na ya mashambani yakafuata.

1958: Jeraha la kweli

Novemba 1958 majimbo sita yalipigia kura sheria ya "haki ya kufanya kazi" kwa mpigo mmoja: California, Ohio, Colorado, Idaho, Kansas na Washington. Huko California iliitwa Pendekezo la 18, na seneta William Knowland, aliyekuwa akigombea ugavana, aliifunga na jina lake.

Kuna jambo katika kampeni hiyo linalonifikirisha kuliko yote. Waungaji mkono waliwaendea wapiga kura Weusi wakiwa na hoja nzito: vyama vingi vya mafundi vimewafungieni mlango, sasa vunjeni nguvu zake. Nusu ya kwanza ya hoja ilikuwa kweli tupu. Wakati wa vita, kwenye karakana ya meli ya Marinship huko Sausalito, mafundi Weusi walilazimika kulipa ada kwa chama cha pembeni kisichokuwa na sauti, hadi Mahakama ya Juu ya California ilipoingilia kati mwaka 1944. Aliyesikia tangazo hilo hakuwa mjinga. Alikuwa na kovu, na mtu alikuja kuliweka kidole.

Lakini NAACP, jumuiya ya kutetea haki za watu Weusi, tawi la Pwani ya Magharibi, ilisimama upande wa pili. Ilivijua vyama hivyo na ubaguzi wake, ilikuwa imepigana navyo mahakamani, na bado iliwaambia watu wake kwamba pendekezo lile halifungui mlango wowote. Vyama navyo havikukaa kusubiri redio. Vilimwaga fedha, ni kweli, lakini pia viliandikisha wapiga kura, vikagonga nyumba kwa nyumba, vikasimama kwenye mageti ya viwanda zamu zikibadilishana. Karatasi ya kura ilisomwa na watu wawili, mmoja akimweleza mwenzake. California ilikataa kwa karibu asilimia 60. Knowland alianguka. Ohio nayo ilikataa kwa kishindo. Katika majimbo yote sita ni Kansas peke yake iliyokubali.

1978 na 1998: Mahakama yafungua lango

Mwaka 1978, katika kesi iliyoletwa na benki moja ya Boston na wenzake, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba kampuni zina haki ya kutumia fedha zake kwenye kampeni za kura ya maoni. Tangu hapo ukubwa wa tangazo ulitegemea ukubwa wa akaunti.

Ukweli wa tangazo nao ukabaki bila mlinzi. Jimbo la Washington lilikuwa na sheria ya kuwaadhibu wanaoeneza kwa makusudi uongo kuhusu mapendekezo ya kura. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliifuta, kwa sababu serikali haipaswi kuwa mwamuzi wa ukweli katika mjadala wa siasa. Hofu ya majaji naielewa. Serikali inayopewa kazi ya kuthibitisha ukweli wa maneno ya wapinzani wake ni balaa nyingine. Hata hivyo matokeo yake ni haya: anayeuza sabuni kwa madai ya uongo anaweza kushitakiwa, na anayeuza sheria ya kazi kwa madai ya uongo hana wa kumuuliza.

Mwaka huohuo California ilipigia kura Pendekezo la 226, lililotaka chama kipate ruhusa ya maandishi kila mwaka kabla ya kutumia ada za mwanachama kwa siasa. Nani angekataa kuombwa ruhusa? Mwanzoni karibu watu saba kati ya kumi walilikubali, wakiwemo wengi wa familia zenye wanachama. Vyama vilirudi kwenye mageti ya viwanda vikieleza kuwa kampuni hazikuwekewa sharti la namna hiyo kwa wenye hisa zao, na Juni likaanguka. Mwaka 2012 lilirudi kama Pendekezo la 32, safari hii likijidai la haki kwa pande zote: linakataza vyama na kampuni kukata mishahara ya watu kwa ajili ya siasa. Kampuni hazichangii siasa kwa kukata mishahara. Huchota kwenye faida. Ilikuwa kama kumkataza simba na swala wasile nyasi. Nalo lilishindwa.

2011: Bibi wa Cincinnati

Machi 2011 Gavana John Kasich wa Ohio alitia saini sheria iliyobana haki ya watumishi wa umma, walimu na zimamoto wakiwemo, kujadiliana na waajiri wao kupitia vyama. Zilikusanywa saini karibu milioni 1.3 ili sheria hiyo ipelekwe kwa wananchi.

Wapinzani wa sheria walirusha tangazo la bibi mmoja wa Cincinnati ambaye kitukuu chake kiliokolewa na zimamoto nyumba ilipoungua. Bibi alieleza kwa upole kwamba zimamoto wakipunguzwa mtoto kama yule anaweza kufa, akaomba watu wapige kura ya hapana. Siku chache baadaye uso uleule, sauti ileile, ukaonekana kwenye tangazo la upande wa pili. Walikuwa wameichukua picha yake bila idhini, wakaikata kabla hajafika kwenye ombi lake, wakabandika sauti nyingine iliyowataka watazamaji wapige ndiyo. Yeyote aliyeliona aliamini bibi amebadili msimamo.

Ndiyo kazi ileile ya 1934, maneno ya kweli kwa msemaji aliyegeuzwa. Bibi alilalamika hadharani, na vituo vingi vya televisheni viliondoa tangazo hilo. Ohio ilikuwa na kitu kingine pia: kila mtaa ulikuwa na zimamoto wake, mwalimu wake, nesi wake, mtu anayeweza kuulizwa uso kwa uso dukani au kanisani. Sheria ilikataliwa kwa asilimia 61. Missouri ilifanya kama hivyo Agosti 2018, ilipoikataa "haki ya kufanya kazi" kwa theluthi mbili ya kura.

2018 hadi 2020: Dereva peke yake

Aprili 2018 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya kampuni ya usafirishaji ya Dynamex, iliweka kipimo kipya. Anayemwita mtu mkandarasi huru lazima athibitishe mambo matatu, mojawapo kwamba kazi ya mtu huyo iko nje ya shughuli ya kawaida ya kampuni. Kampuni inayopata fedha kila gari linapotembea ingewezaje kusema kuendesha gari si shughuli yake? Septemba 2019 Gavana Gavin Newsom alitia saini AB5, sheria iliyoandikwa na mbunge Lorena Gonzalez, ikiimarisha kipimo hicho. Agosti 2020 jaji aliziamuru Uber na Lyft ziwatambue madereva kama waajiriwa. Kampuni zikatishia kuzima huduma jimbo zima, kisha Mahakama ya Rufani ikazipa nafasi ya kupumua. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua ladha ya hatua hiyo: Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma zake baada ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini ya Tanzania, kuwekea kamisheni kikomo.

Uber, Lyft, DoorDash, Instacart na Postmates ziliweka zaidi ya dola milioni 200 kwenye Pendekezo la 22, kampeni ya kura ya maoni iliyokuwa ghali kuliko zote katika historia ya jimbo hilo hadi wakati huo. Wapinzani walikuwa na takriban milioni 20. Mwanasheria Mkuu Xavier Becerra aliandika kichwa rasmi kilichosema wazi kwamba pendekezo linaziondolea kampuni wajibu wa kutoa stahili za waajiriwa kwa baadhi ya madereva. Kampuni zilikwenda mahakamani zikitaka kibadilishwe, zikashindwa. Kichwa hicho kikazama chini ya mafuriko ya matangazo.

Nyumba nyingi zilipokea kipeperushi kilichojiita mwongozo wa wapiga kura wa kimaendeleo, chenye kaulimbiu ya wafuasi wa seneta Bernie Sanders, kikihimiza ndiyo. Sanders mwenyewe alikuwa akipinga. Kiongozi wa NAACP ya California aliunga mkono pendekezo, huku kampuni yake binafsi ya ushauri ikilipwa na kampeni hiyo. Niliposoma habari hiyo niliikumbuka NAACP iliyosimama kinyume mwaka 1958. Jina la taasisi lilikuwa lilelile.

Na matangazo yalipaza sauti kwamba dereva atahakikishiwa asilimia 120 ya kima cha chini cha mshahara. Maneno hayo ni ya kweli, tuyahesabu. Mwaka 2021 kima cha chini kwa waajiri wakubwa California kilikuwa dola 14 kwa saa, kwa hiyo asilimia 120 ni dola 16.80. Lakini saa inayohesabiwa huanza dereva anapokubali safari na kuisha anaposhusha. Chukua dereva aliyekaa barabarani saa tisa, tatu kati yake akiwa ameegesha anasubiri simu ilie. Saa sita zinampa dola 100.80. Zigawe kwa saa tisa alizokuwa mbali na nyumbani: dola 11.20. Fidia ya gari ilikuwa senti 30 kwa maili, wakati mamlaka ya kodi ya Marekani ilikadiria senti 57.5 mwaka 2020. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipojumlisha kusubiri, gharama na kodi walifikia dola 5.64 kwa saa. Kampuni ziliipinga hesabu hiyo.

Wapo madereva wengi waliopiga ndiyo kwa dhati, na sitawaita vipofu. Walitaka uhuru wa kuwasha simu wanapotaka na kuizima mtoto anapougua. Ndilo hitaji ambalo kila tangazo lilishikilia, ingawa AB5 haikuwa na kifungu kinachomkataza mwajiri kumwachia mfanyakazi apange saa zake. Dereva huyu hakuwa na geti la kiwanda ambako mtu wa chama angemsubiri. Hakuwa na chumba cha chai wala mwenzake wa mashine ya pili. Aliyezungumza naye kila siku, kuanzia alfajiri, ilikuwa simu, na simu ilikuwa ya kampuni.

Baada ya kura

Uchunguzi wa maoni uliotolewa baadaye katika mwezi wa kura ulionesha kuwa wawili kati ya kila watano waliopiga ndiyo walidhani wanawasaidia madereva wapate kipato cha kuishi. Kufikia Januari 2021 maduka ya Vons na mengine ya Albertsons yalikuwa yametangaza kuwaaga madereva wao walioajiriwa na kuwapa kazi hiyo madereva wa kampuni za mtandaoni.

Kurekebisha kulifanywa kugumu makusudi. Pendekezo lenyewe linadai kura za saba ya nane ya kila baraza, yaani wabunge 70 kati ya 80 na maseneta 35 kati ya 40. Agosti 2021 jaji wa Kaunti ya Alameda alilitangaza kinyume cha katiba. Machi 2023 Mahakama ya Rufani ikatengua sehemu kubwa ya hukumu hiyo, na Julai 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ikalithibitisha.

Oktoba 2025 Gavana Newsom alitia saini sheria inayowaruhusu madereva wa abiria kuunda chama na kujadiliana na kampuni, wakiwa bado hawahesabiwi kuwa waajiriwa. Inawahusu zaidi ya madereva 800,000. Wapeleka chakula, wale waliopandisha ngazi mifuko ya kampeni mwaka 2020, hawamo.